Ngoma Haina Mbele

Acha nianze na mahali nilipokuwa nimekaa, kwa sababu makala hii yote inatoka hapo. Ni meza ndefu ya ukumbi wa maakuli, imetandikwa kitambaa cheupe chenye doa la chai. Juu yake kuna chupa tatu za maji, karatasi za alama, kalamu, na kengele ndogo ya kuwaambia watoto muda wao umeisha. Nyuma yetu wanafunzi wamebanana kwenye fomu za mbao, wengine wamening'inia madirishani. Mbele yetu kuna sakafu ya saruji iliyopigwa deki asubuhi na haijakauka, kwa sababu ni mwezi wa Juni, tuko kaunti ya Meru, na nje kuna yale manyunyu ya mlimani yasiyoisha. Mimi ni mwamuzi mdogo kuliko wote watatu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupewa kalamu.

Kikundi cha tatu kinaingia. Ni shule ya kutwa, wavulana na wasichana. Wanacheza ngoma ya Wachuka, ile ya ngoma ndefu anayobana mpigaji katikati ya mapaja, ikiwa imeinama mbele kama punda anayekataa kutembea. Kama hujawahi kuiona, tafuta siku uione. Mpigaji hasimami kando ya ngoma yake. Anatembea nayo, anachuchumaa nayo, anayumba nayo. Mikono inapiga ngozi, kiuno kinaendesha mti. Wapigaji wengi wakienda pamoja hivyo, unaona safu nzima inapumua. Ukiniuliza bendi ya matembezi ya nyumbani ni ipi, nitakuonyesha hiyo kabla ya bendi yoyote yenye tarumbeta.

Lakini siku hiyo ngoma zilitoa sauti ya mtu anayechapa godoro. Puf. Puf. Watoto waliimba vizuri, wakacheza kwa bidii, jasho likatoka kwenye baridi ile, na bado puf, puf. Nikaandika kwenye karatasi yangu: "Ngoma hazijawambwa vizuri. Toni ni hafifu." Nikakata alama. Matokeo yalipojumlishwa, walikosa nafasi ya kuendelea kwa alama moja.

Nitarudi kwa alama hiyo moja. Kwanza tuongee kuhusu meza.

*

Kenya hii tunapenda kubishana kuhusu sanaa ya shule, lakini tunabishana kuhusu maneno. Aprili 2025, mchezo wa Butere Girls, Echoes of War, ulipozua balaa kule Nakuru, kila mtu mwenye simu aligeuka mhakiki wa tamthilia. Na ilikuwa haki, lile lilikuwa jambo zito. Lakini mwaka mmoja kabla, 2024, tamasha la kitaifa la drama na filamu lilikuja hapa Embu, mji ukajaa mabasi ya shule, na pamoja na michezo zilikuja ngoma za kila aina. Nilitafuta baadaye mtu aliyeandika hata aya tatu za maana kuhusu ngoma moja. Nilipata picha. Picha nyingi sana, za watoto wakiwa hewani, na chini yake maneno "wanafunzi wakitumbuiza". Basi.

Ngoma ya shule haipati mhakiki, inapata mwamuzi tu. Na mwamuzi, niamini, hana nafasi ya kufikiri. Ana dakika chache za kikundi, ana karatasi yenye visanduku: mavazi, sauti, mdundo, mpangilio wa wachezaji, uhalisia, mvuto wa jumla. Kabla hajamaliza kuandika, kikundi kingine kiko mlangoni. Mwishoni mmoja wetu anasimama na kutoa maoni kwa sauti ya upole, anasifu, anashauri, halafu anasoma matokeo kuanzia chini huku ukumbi ukipiga mayowe. Huo ndio uhakiki wote ambao ngoma hiyo itawahi kupata maishani mwake.

Sasa angalia kile ambacho meza yenyewe inafanya. Ngoma nyingi za huku kwetu zilichezwa uani au uwanjani, watu wakiwa wamezunguka. Bibi amekaa huku, vijana wamesimama kule, mtoto anapenya katikati ya miguu. Duara halina mbele. Ukicheza vibaya, kuna mtu atakuona tu. Lakini weka meza upande mmoja wa ukumbi, na ghafla ngoma inapata uso na mgongo. Watoto wanafundishwa kufungua duara liwe nusu duara ili waamuzi waone. Halafu nusu duara linakuwa mistari. Halafu mistari inapangwa kwa urefu, wafupi mbele. Halafu kila mtu anaambiwa atabasamu, na atabasamu kuelekea mezani. Nimeona wasichana wakicheza ngoma ya kuomboleza huku meno yote yako nje, maskini, kwa sababu mkufunzi aliwaambia mvuto wa jumla uko kwenye uso.

Hatukuwa na nia mbaya. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, wakati wa ukoloni, na umbo lake ni la mashindano ya kwaya: jukwaa, hadhira iliyokaa, waamuzi wenye kalamu. Tulipoingiza ngoma zetu humo tuliziingiza kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya kitu kingine. Ngoma zikajikunja zikaenea. Zimekaa hivyo hadi leo, na wengi wetu tuliokua kwenye hizo safu tunadhani ndivyo zilivyozaliwa.

*

Usiku mwingine nikikosa usingizi huwa natazama YouTube mashindano ya bendi za shule za upili za Marekani. Najua, najua. Lakini jaribu. Ni watoto wa umri wa Form Three, mia moja na zaidi, wanatembea uwanja mzima wa futiboli yao wakipiga tarumbeta na ngoma, na miguu yao inachora maumbo chini. Duara linayeyuka linakuwa mshale, mshale unafunguka unakuwa ua. Fainali za Bands of America hufanyika ndani ya uwanja mkubwa wa Lucas Oil kule Indianapolis. Waamuzi wanagawana kazi: mwingine anasikiliza muziki, mwingine anatazama mwendo, mwingine anapima mguso wa kitu kizima. Na wanarekodi sauti zao wakiongea wakati onyesho linaendelea, ili kikundi kikirudi nyumbani kiweze kusikia ni sekunde gani hasa mwamuzi alishtuka au alichoka.

Hilo la kurekodi lilinifanya nikae kitandani. Karatasi yangu ya Meru ilikuwa na sentensi mbili. Kama ningekuwa naongea, ningelazimika kusema, "Ngoma zina sauti hafifu... ngoja, kwa nini zote? Ngoma moja ikilegea ni mpigaji. Zote zikilegea kuna kitu kimetokea." Mdomo ungenipeleka kwenye swali. Kalamu ilinipeleka kwenye hukumu moja kwa moja.

Lakini hata hao Wamarekani wana ugonjwa wetu, tena umewazidi. Maumbo yale yote yamechorwa kwa ajili ya mtu aliyekaa juu, upande mmoja. Ukiwa chini uwanjani, au nyuma ya lango, unaona vurugu ya miguu tu. Bendi nzima inageuza tarumbeta kuelekea kule juu. Kitu kizuri kupindukia, na kimetengenezwa kwa ajili ya viti vichache.

Ndiyo maana huwa nawakumbuka watu wa beni. Kabla ya karne ya 19 kuisha, pwani yetu ilikuwa tayari na mashindano ya bendi. Watu wa Lamu na Mombasa na Unguja walisikia bendi za kijeshi za Wazungu, wakachukua ngoma, tarumbeta, gwaride na vyeo, wakavigeuza vikawa mchezo wao. Lamu ilikuwa Mkomani dhidi ya Langoni. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Tanganyika wakaja Marini na Arinoti, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia maaskari na wapagazi wakaibeba beni hadi bara. Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuihusu, kilichotoka mwaka 1975, na jambo ninalolipenda humo ni kwamba beni ilikuwa ushindani wa kufa na kupona, watu walifilisika kwa ajili ya sare na karamu, lakini hapakuwa na meza. Mji wenyewe ndio uliamua. Ubishi uliendelea sokoni na barazani kwa wiki nyingi baada ya ngoma kunyamaza. Sisemi haki ilitendeka. Mwenye pesa alishinda mara nyingi, kama leo tu. Nasema aliyeshindwa alijua ni nani amemwamua, na angeweza kumkuta kesho akinunua samaki amuulize.

*

Sasa ile alama moja.

Matokeo yaliposomwa nilitoka nje kutafuta choo. Nyuma ya jikoni nikasikia mlio. Nitasema tu kwamba niliusikia kifuani kabla ya masikio. Nikazunguka kona. Wale watoto wa shule ya kutwa walikuwa wamesimama karibu na mlango wa jikoni, ambapo wapishi walikuwa na moto mkubwa wa kuni chini ya sufuria za githeri. Ngoma zimeegeshwa zinaota moto, ngozi zimetazama makaa. Wavulana wawili walikuwa wamezichukua zilizoiva na wanapiga. Wengine wakaingia. Hakuna aliyepanga chochote, na duara likajiunda lenyewe. Mpishi mmoja, mama wa makamo mwenye aproni, akaweka mwiko chini akaingia katikati, na akacheza kitu ambacho watoto wale hawakuwa wamefundishwa, kwa sababu wote walimwangalia miguu.

Ngozi ya ngoma ni ngozi. Ikishika unyevu inalegea. Kila mpigaji wa Chuka, Embu, Kakamega au Bagamoyo anajua kwamba unapasha ngoma moto kabla ya kuipiga, kwa jua au kwa majani makavu. Watoto wale walijua pia. Walikuwa wameomba ruhusa asubuhi ya kuwasha moto, wakaambiwa moto hauruhusiwi kwenye uwanja wa shule. Wakaenda kuwabembeleza wapishi, wapishi wakakubali, lakini shule moja iliyokuwa mbele yao kwenye ratiba haikufika, basi likiwa limekwama mahali. Wakaitwa mapema. Walibeba ngoma baridi wakaingia nazo kwenye sakafu yenye maji, na mimi nikaandika hazijawambwa.

Mvulana mmoja aliniona. Akaja na ngoma yake bado iko mapajani. "Mwalimu," akasema, kwa heshima kabisa, "ulisema hazijawambwa. Hii?" Akaipiga mara moja.

Nilisema kitu kuhusu mwaka ujao. Karatasi zilikuwa zimeshatiwa saini. Mwenzangu mkubwa aliniambia baadaye kwamba sikukosea, kwa sababu mwamuzi anapima anachosikia, hapimi ambacho angesikia. Ni kanuni nzuri. Bila kanuni hiyo kila shule ingekuja na hadithi. Nimeikubali miaka yote hii na bado hainitulizi, kwa sababu nilichoandika hakikuwa nilichosikia. Nilisikia sauti hafifu. "Hazijawambwa" ilikuwa sababu, na hiyo sababu niliibuni mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Mwaka uliofuata niliitazama shule hiyo tena, safari hii nikiwa mtazamaji. Walikuja na isukuti.

*

Hapa lazima niwe makini, kwa sababu nataka kuhakiki onyesho hilo kwa haki na nisilitumie kama fimbo ya kujichapia.

Ilikuwa isukuti nzuri. Mkufunzi wa kukodi, nadhani, maana kila kitu kilikuwa kimenyooka. Mavazi mapya. Ngoma tatu zimekaa mahali pake, kubwa inaongea, za kati na ndogo zinajibu. Mabega yanatikisika kama yameunganishwa na waya mmoja. Kiongozi alikuwa msichana mwenye sauti kali yenye kukwaruza kidogo, na alijua jambo ambalo viongozi wengi wa shule hawalijui: kuacha nafasi. Alirusha mstari, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia, ukumbi ukainama mbele, halafu kundi likaitikia. Waliingia wakitembea, wakapanga mistari miwili, wakaivuka, wakaishia na pembetatu iliyoelekeza ncha yake mezani. Walipata nafasi ya kuendelea. Nilipiga makofi, tena ya kweli.

Kasoro yake ni kwamba ningeweza kuiona popote. Niliona nyingine kama hiyo siku hiyohiyo, kutoka shule ya upande wa Embu, yenye pembetatu ileile. Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Huchezwa harusini, mazishini, mtoto akizaliwa, mtu akisimikwa uongozi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Fikiria hilo: ngoma iliyo hatarini nyumbani kwake iko kwenye kila ukumbi wa shule nchini. Kinachosambaa ni dakika zake chache zinazopata alama. Miguu ya mazishi, ule mwendo wa usiku mzima ambapo mpigaji anachoka na mdundo unabadilika kwa sababu amechoka, haiwezi kuingia kwenye muda wa kengele.

Na kwa upande wetu huku, ngoma ya Chuka ilibaki nyumbani. Ngoma yenyewe ni gogo. Mara nyingi mti wa muringa, uliochongwa ndani hadi ukabaki mdomo. Ni nzito, haikunjiki kwenye buti la basi, inataka fundi, inataka moto. Isukuti unaweza kununua seti ukaenda. Mwalimu mkuu mwenye bajeti ndogo, aliyeona shule yake ikikosa kwa alama moja kwa sababu ya "toni", atafanya hesabu gani? Hesabu ileile ambayo wewe na mimi tungefanya. Hakuna aliyepiga marufuku chochote. Watu walisoma karatasi yangu tu, wakajirekebisha.

Mwanafunzi akihojiwa kwa nini tamasha ni muhimu, atakuambia "kuhifadhi utamaduni". Tumewafundisha kusema hivyo. Lakini sisi tulio mezani ndio tunaoamua ni utamaduni upi unalipa nauli ya basi. Kwa mtoto wa shule ya kutwa, kuendelea ngazi ya juu kunaweza kuwa safari yake ya kwanza kuvuka Thuci kwenda Embu, au kulala nje ya kwao, au kuona bahari kama fainali ziko Mombasa. Alama moja ni kitu kikubwa hivyo. Inaweza kumpa mtoto bahari na kumnyang'anya ngoma, au kinyume chake.

*

Kwa hivyo ninataka nini? Nitasema mambo madogo, kwa sababu makubwa huishia kwenye kamati.

Nataka mahali pa kuota moto. Shule mwenyeji itenge kona yenye makaa na mtu mzima wa kuyasimamia, kama inavyotenga chumba cha kubadilishia nguo. Nataka kikundi kikivutwa mbele kwenye ratiba kiulizwe kwanza kama kiko tayari. Nataka mwamuzi mmoja kati ya watatu asikae. Atembee. Asimame nyuma ya wachezaji, akae chini kando ya ngoma kubwa, aangalie mgongo wa duara. Wafundishaji wakijua kuna jicho nyuma, hawatakuwa na haja ya kulifungua duara. Na nataka turekodi maoni yetu kwenye simu, kila mtu anayo, tumpe mwalimu aende nayo nyumbani. Tukiongea upuzi, wausikie kwa sauti zetu.

Na nyinyi mnaosoma hapa, mnaoweza kuandika aya mia mbili kuhusu albamu moja ya Nairobi, njooni msimu wa tamasha mwandike kuhusu ngoma. Ingia ukumbini, toka na maoni. Bishana na waamuzi. Sisi tunahitaji kukutwa sokoni.

Mara ya mwisho nilipokwenda, nilikuwa Embu, sina kalamu. Nilikwepa viti vya mbele nikakaa chini kwenye saruji, ubavuni mwa jukwaa, mahali ambapo walimu walinitazama kama mtu aliyepotea. Kutoka hapo niliona vitu ambavyo sikuwahi kuvipa alama. Mvulana wa mwisho kwenye safu alikuwa anahesabu kwa midomo. Kamba ya shanga ya msichana mmoja ilikatika, na jirani yake akaikanyaga isiteleze mbele, bila kupoteza hatua hata moja. Mpigaji wa ngoma kubwa, aliyewapa meza mgongo kwa sekunde chache tu za mzunguko, aliacha kutabasamu, akafumba macho, na mdundo wake ukabadilika kidogo. Halafu akageuka tena mbele, meno nje.

Sijui walipata alama ngapi. Matokeo yaliposomwa nilikuwa nje, namsaidia dereva kufunga ngoma juu ya matatu, mvua ikianza, tukitafuta turubai la kuzifunika ngozi.